Wanaosema Qur'ani "inarukaruka" hawajaitazama nahau yake (uzi mrefu, karibuni)

#1 Mwananahau (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wakuu, na heshima kwenu nyote mnaopita humu, Waislamu na wasio Waislamu.

Kuna hoja inazuka kila mara kwenye mijadala ya dini: kwamba Qur'ani haina mtiririko. Mwenyezi Mungu mara ni "Yeye", mara "Sisi", mara anasemeshwa "Wewe", na maneno yanakatika katikati. Hoja yenyewe ni ya zamani. Theodor Nöldeke, mtaalamu wa Kijerumani wa karne ya 19, aliyaona mabadiliko hayo ya nafsi kuwa si mazuri na si ya kawaida. Sitaki kumjibu mtu kwa hasira. Nataka tuketi na maandishi yenyewe tuone kinachozishika aya zisiachane, maana kwa miaka mingi nimesikia watu wakisema Qur'ani ni muujiza wa lugha bila kuonyesha hata harufi moja inayofanya kazi.

Tuanze na Fatiha, kwa kuwa kila mmoja anaijua.

Aya zake za kwanza zote zinamtaja Mwenyezi Mungu kama asiyekuwepo kwenye mazungumzo: *Alhamdu lillahi Rabbil-aalamiin, Ar-Rahmanir-Rahiim, Maliki yaumid-diin*. Ukizitazama irabu za mwisho utaona kitu. *Rabbi*, *Rahmani*, *Rahiimi*, *Maliki*, zote ziko katika jarri (hali ya neno inayoonyeshwa hapa kwa kasra, irabu *i* mwishoni), kwa sababu zote ni sifa za jina moja lililotangulia, *lillahi*. Hapo hakuna sentensi tatu. Ni sentensi moja ndefu, na ile kasra ndiyo inayozifunga sifa zote kwa mwenyewe.

Kisha ghafla: *Iyyaka na'budu wa iyyaka nasta'iin*. "Yeye" amekuwa "Wewe". Wanabalagha, wataalamu wa ufasaha wa usemi, wanaita *iltifati*, mgeuko wa usemi kutoka nafsi moja kwenda nyingine. Mfasiri Zamakhshari (aliyefariki 538 Hijria, sawa na 1144) anaeleza kwamba baada ya Mwenye kustahiki sifa kutajwa kwa sifa zile kubwa, elimu ya msomaji inafungamana na Mmoja aliye dhahiri, naye ndipo anapomgeukia kumsemesha. Sifa ndizo zilizomfikisha. Ungeondoa mgeuko ule ukasema *iyyahu na'budu*, "Yeye tu tunamwabudu", nahau ingekuwa sahihi kabisa, lakini dua inayofuata, *ihdina*, ingekuwa inamwomba ambaye hujamgeukia bado.

Tazama pia *iyyaka* ilivyotangulizwa mbele ya kitendo. Mpangilio wa kawaida ni *na'buduka*. Mtendwa akitangulizwa, maana inabanwa: Wewe na si mwingine. Na neno limerudiwa mara mbili, halikusemwa *iyyaka na'budu wa nasta'iin*, ili mbano ule uwe kwenye ibada peke yake na kwenye kuomba msaada peke yake.

Halafu mwisho wa sura. *As-sirata l-mustaqiim* imekuja na alif-lam, njia inayojulikana. Ni ipi? Aya inayofuata inaanza na neno lilelile katika nasbu ileile (hali ya neno inayoonyeshwa hapa kwa irabu *a* mwishoni): *sirata lladhiina an'amta alayhim*. Hii ndiyo *badali*, neno linalokuja mahali pa lenzie kulifafanua. Na hapo kwenye neema kitendo kina mtendaji wake wazi, *an'amta*, "Wewe uliyeneemesha". Likija suala la ghadhabu, mtendaji hatajwi: *al-maghdubi alayhim*, "waliokasirikiwa". Wafasiri wameona adabu katika hilo, neema inanasibishwa kwa Mola moja kwa moja na ghadhabu haikunasibishwa hivyo.

Sura nzima inasomwa kwa dakika moja au chini yake, na viungo vyote hivi vimo.

Sasa niingie kwenye aya iliyonifanya niufungue uzi huu, Hud 44.

*Wa qiila ya ardu bla'ii maa'aki wa ya samaa'u aqli'ii, wa ghiida l-maa'u wa qudiya l-amru wastawat ala l-Juudiyy, wa qiila bu'dan lil-qaumi dh-dhaalimiin.*

Yaani: ikasemwa, ewe ardhi meza maji yako, na ewe mbingu zuia, maji yakadidimizwa, amri ikapitishwa, ikatulia juu ya Judi, na ikasemwa: wapotelee mbali watu madhalimu.

Mwanabalagha Abdul-Qahir al-Jurjani (aliyefariki 471 Hijria, 1078) katika *Dala'il al-I'jaz* anatutaka tuchukue neno moja la aya hii, tuseme *ibla'ii*, tulitoe, tuliweke peke yake bila la kabla wala la baada. Je, lina uzuri ule uliokuwa nao pale? Halina. Kwake uzuri hauko kwenye neno, uko kwenye *nadhmi*, namna maneno yanavyopangwa kufuata maana za nahau. Kisha anaifungua aya kipande kwa kipande. Ardhi inaitwa kwanza, halafu inaamriwa. Inaitwa kwa *ya* tupu, haikusemwa *ya ayyatuha*. Maji yameegemezwa kwake kwa kaf, *maa'aki*, "maji yako", haikusemwa "meza maji". Mbingu nayo ikaitwa na kuamriwa yale yanayoihusu. Halafu *ghiida*, kitendo cha kutendwa, maana maji hayakupungua yenyewe, yalipunguzwa kwa amri ya Mwenye uwezo. *Qudiya l-amru* inakuja kuthibitisha. Na mwisho *qiila* inaikabili *qiila* ya mwanzo, aya imefungwa pande zote mbili.

Lakini kuna *istawat*. "Ikatulia." Nini kilichotulia? Jahazi halijatajwa kwa jina ndani ya aya hii. Nilirudi nyuma kulitafuta. Neno *fulk* linatajwa aya ya 37 na 38, Nuhu akilijenga. Baada ya hapo halitajwi tena kwa jina mpaka kisa kinatua. Aya ya 40: *ihmil fiihaa*, pakia ndani yake. Aya ya 41: *irkabuu fiihaa*, pandeni ndani yake, *majraahaa wa mursaahaa*, kwenda kwake na kutia nanga kwake. Aya ya 42: *wa hiya tajrii bihim*, nalo linakwenda nao kwenye mawimbi kama milima. Aya ya 43 baba na mwana wanazungumza, wimbi linaingia kati yao. Aya ya 44 tunafika *istawat*, na kilichobaki cha jahazi ni ile *ta* ya kike mwishoni mwa kitendo. Gharika nzima jahazi limebebwa na dhamiri, yaani kiwakilishi cha jina. Msikilizaji hapotei hata mara moja, kwa sababu toka aya ya 38 hajaondoka ndani yake.

Kwa anayesema maandishi haya hayashikani, naomba anieleze hicho kilichopita hapo kuanzia 38 hadi 44 anakiitaje.

La tatu ni kuachwa kwa waw, kiunganishi cha "na". Baqara 14 na 15: wanafiki wakiwa peke yao na mashetani wao wanasema *innamaa nahnu mustahzi'uun*, "sisi tunafanya mzaha tu". Mara moja linafuata: *Allahu yastahzi'u bihim*. Hakuna "na", hakuna kiunganishi chochote. Jurjani anaeleza kuwa waw ingewekwa hapo, sentensi ya pili ingeingia ndani ya kauli ya wanafiki, ionekane nao ndio walioisema. Kukatwa kwake ndiko kunakoiweka mdomoni mwa Mwenyezi Mungu. Pia msikilizaji ameshajiuliza, "na watu hawa watafanywa nini?" Sentensi inakuja kama jibu, na jibu halihitaji "na". Somo hili linaitwa *faslu na waslu*, na Jurjani alilihesabu kuwa miongoni mwa siri ngumu za balagha.

Karibuni tujadili. Nakuja kujibu.

#2 Nahodha wa Mkokotoni

Wa alaykum salaam. Umenigusa na Hud. Hebu tupeleke Yunus 22, sisi watu wa bahari inatuhusu, nayo ina huo mgeuko unaousema.

#3 Mwananahau

Shukran mkuu, umeitaja aya nzito.

*Huwa lladhii yusayyirukum fil-barri wal-bahr*. "Yeye ndiye anayekuendesheni nyinyi bara na baharini." *Hattaa idhaa kuntum fil-fulk*, "mpaka mnapokuwa majahazini". Hadi hapa ni "nyinyi". Kisha *wa jarayna bihim biriihin tayyiba*, "nayo yakaenda nao kwa upepo mzuri". Nyinyi mmekuwa wao, katikati ya sentensi, baada tu ya tanga kushika upepo. *Wa farihuu bihaa*, wakaufurahia. *Jaa'at-haa riihun aasif*, ukayajia upepo wa dhoruba, mawimbi yakawajia kutoka kila upande, wakadhani wamezingirwa, wakamwomba Mwenyezi Mungu wakimsafia dini: ukituokoa na haya tutakuwa wenye kushukuru.

Zamakhshari anasema ni kana kwamba wengine wanasimuliwa hali ya watu hao, ili wastaajabu na kuikemea. Nami naona jambo jingine linaloonekana wazi ukisoma kwa utaratibu. Msikilizaji alipandishwa chomboni kwa "nyinyi", yumo. Akaondolewa kwa "wao" ili ayatazame kutoka mbali yatakayotokea. Anawaona watu wakiahidi, na aya ya 23 anawaona wakiokolewa kisha wakifanya jeuri katika ardhi. Anawahukumu moyoni. Hapo hapo, ndani ya aya ileile ya 23, usemi unarudi: *Yaa ayyuhan-naas, innamaa baghyukum alaa anfusikum*. "Enyi watu, jeuri yenu ni juu ya nafsi zenu." Hukumu uliyoitoa kwa wale imekurudia.

Kwa hiyo dhamiri imefunga aya mbili pamoja. Ukisawazisha nafsi zote ziwe "nyinyi" toka mwanzo hadi mwisho, mtiririko utakuwa laini, na hilo pigo la mwisho litapotea.

#4 Mdadisi_tu

Mimi si Mwislamu lakini nafuatilia kwa heshima. Mwanzisha uzi umechagua mifano inayokupa ushindi. Vipi kuhusu Nisaa 162? Kuna mlolongo wa maneno yenye *-uuna*, halafu katikati linaingia moja lenye *-iina*, kisha wanarudi kwenye *-uuna*. Nilisoma kuwa ni kosa la wazi la nahau. Hapo mshikamano uko wapi?

#5 Mwananahau

Ndugu yangu, swali zuri na umeliuliza vizuri. Tuliweke mbele ya kila mtu.

*Laakini r-raasikhuuna fil-ilmi minhum wal-mu'minuuna yu'minuuna bimaa unzila ilayka wa maa unzila min qablik, wal-muqiimiina s-salaah, wal-mu'tuuna z-zakaah, wal-mu'minuuna billahi wal-yaumil-aakhir...*

Waliobobea katika elimu, waumini, watoao zaka, wote wako katika raf'a (hapa ni *-uuna*). Wasimamishao swala peke yao wako katika nasbu (hapa ni *-iina*).

Sibawayhi, ambaye kitabu chake ndicho kitabu kikubwa cha kwanza cha nahau tulichonacho, ana mlango mzima kuhusu maneno yanayotiwa nasbu kwa ajili ya kutukuza na kusifu. Aya hii ni miongoni mwa ushahidi wake. Anatoa pia ubeti wa Khirniq, mshairi mwanamke wa kabla ya Uislamu, akiwasifu watu wake, na ndani yake sifa inakatwa kwenda nasbu, kisha nyingine inarudi kwenye raf'a. Waarabu waliposifu kwa mfululizo walikuwa na ruhusa ya kukata irabu ya mojawapo, kana kwamba msemaji amesema kimoyomoyo "na nawataja hasa". Wanaita *al-qat'u*.

Zamakhshari alilijua dai la kwamba ni kosa la mwandishi wa msahafu, akasema lisigeukiwe, na kwamba huenda aliyeligeukia hajui njia za Waarabu katika kutia nasbu kwa kuhusisha.

Sasa fungua Baqara 177, aya ya wema. *Wal-muufuuna bi'ahdihim idhaa aahaduu, was-saabiriina fil-ba'saa'i wad-darraa'*. Watimizao ahadi, raf'a. Wenye kusubiri, nasbu. Jambo lilelile, sura nyingine. Kosa la mkono wa mwandishi lingetarajiwa litokee ovyo. Hapa mkato umetua juu ya swala katika aya moja na juu ya subira katika nyingine, mambo mawili ambayo Qur'ani yenyewe inayataja pamoja katika *wasta'iinuu bis-sabri was-salaah*. Hilo la mwisho ni wazo langu, silitwiki kwa mwanachuoni yeyote.

Kwa hiyo mshikamano hauji kwa kufanana tu. Sikio lililozoea *-uuna, -uuna* likisikia *-iina* linashtuka na kusimama pale.

#6 Mdadisi_tu

Nimekuelewa. Sikujua kuhusu ushairi wa kabla. Bado nitafuatilia mwenyewe, lakini jibu limesimama.

#7 Bint wa Chuoni

Maashallah. Ustadh, naomba uongezee aya ya udhu, Maida 6. Tulipofundishwa fiqhi tuliambiwa utaratibu wa viungo ni nguzo katika madhehebu yetu ya Shafi'i na kwamba dalili yake imo ndani ya mpangilio wa aya. Sikuwahi kufafanuliwa vizuri.

#8 Mwananahau

Dada yangu, hiyo ndiyo aya inayoonyesha kwamba suala hili halikuishia kwenye uzuri wa usemi. Watu wanaosha miguu au kuipangusa kwa sababu ya irabu moja.

*Faghsiluu wujuuhakum wa aydiyakum ilal-maraafiq, wamsahuu biru'uusikum, wa arjulakum ilal-ka'bayn.*

Osheni nyuso na mikono, pakeni vichwa, na miguu. "Miguu" imeunganishwa na nini? Ukisoma *arjulakum* kwa nasbu, inaruka juu ya kichwa na kurudi kwenye "osheni". Ndivyo walivyosoma wasomaji mashuhuri Nafi', Ibn Amir, Kisa'i, na Hafs kutoka kwa Asim, ambacho ndicho kisomo chetu huku pwani. Ukisoma *arjulikum* kwa jarri, inaonekana kufuata "pakeni". Ndivyo walivyosoma Ibn Kathir (msomaji wa Makka), Abu Amr, Hamza, na Shu'ba kutoka kwa huyohuyo Asim. Visomo vyote ni sahihi. Masuni wanaosha miguu, wakiieleza jarri kuwa ni ya ujirani wa neno au kuwa inahusu kupaka juu ya khofu, yaani soksi za ngozi. Mashia Ithnaasheri wanapangusa, na wao husema hata nasbu inaweza kurejea kwenye mahali pa "vichwa" katika sentensi.

Wanaosema kuosha wana kiungo kingine ndani ya aya: mpaka. Mikono imewekewa mpaka kwa *ilaa*, "hadi viwikoni". Kichwa kinachopakwa hakikuwekewa. Miguu imewekewa, "hadi vifundoni". Kwa hiyo umbo la maneno ya miguu linafanana na la mikono, kinachooshwa na kinachooshwa.

Na hapo ndipo penye jibu la swali lako. Kama miguu inaoshwa, basi kinachopakwa kimeingizwa katikati ya vinavyooshwa. Mashafi'i wakasema: Waarabu hawatenganishi vinavyofanana ila kwa faida, na faida hapa ni kuonyesha utaratibu. Waw peke yake haileti utaratibu, ni kukusanya tu. Nafasi ya kichwa katika sentensi ndiyo iliyotoa dalili. Mahanafi hawakuikubali hoja hiyo, kwao utaratibu ni sunna.

Kila mtoto wa chuoni anayejitia maji leo kwa mpangilio ule, anaisoma aya kwa viungo vyake.

#9 Nahodha wa Mkokotoni

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kuna pahala dhamiri haijulikani ni ya nani? Isije ikaonekana kila kitu kimenyooka.

#10 Mwananahau

Zipo, mkuu. Yusuf 52: *Dhaalika liya'lama annii lam akhunhu bil-ghayb*, "hayo ni ili ajue kuwa mimi sikumfanyia khiyana asipokuwepo". Nani anasema? Aya ya 51 mwisho wake ni kauli ya mke wa Mheshimiwa, anakiri kuwa ndiye aliyemtaka Yusuf. Hakuna "akasema" mpya kati ya 51 na 52. Tabari anaifasiri kuwa ni kauli ya Yusuf. Ibn Taymiyya akashikilia kuwa ni ya mwanamke, na Ibn Kathir mfasiri (si yule msomaji) akaona hiyo ndiyo inayoendana zaidi na mfululizo wa kisa, kwa kuwa Yusuf bado yuko gerezani, na aya ya 54 ndipo mfalme anaagiza tena aletwe.

Mimi naelemea kwa hao wawili. Hoja ya kukosekana kwa "akasema" ina uzito kwangu, maana sura hii inabadilisha wasemaji mara nyingi na kwa kawaida inaonyesha nani ameshika zamu. Lakini anayeshika kauli ya Tabari hajavunja nahau, amekadiria mgeuko wa msemaji ambao lugha inauruhusu.

#11 Bint wa Chuoni

Anayetaka kuanza kujifunza haya aanze wapi? Ajurumia, kile kitabu cha mwanzo cha nahau, niliisoma kwa kuhifadhi tu.

#12 Mwananahau

Kama umeihifadhi una mtaji tayari. Rudi nayo kwa mwalimu, kila mlango utafutie mfano ndani ya Juzuu Amma. Ukifika mlango wa atfu (kuunganisha maneno), chukua Tawba 3: *annallaha barii'un minal-mushrikiina wa rasuuluh*. Inasimuliwa kwamba bedui mmoja alimsikia mtu akisoma *rasuulihi* kwa jarri, maana ikageuka kuwa Mwenyezi Mungu amejitenga na washirikina na Mtume Wake pia, na inasemwa kisa cha namna hiyo ndicho kilichomsukuma Abul-Aswad ad-Du'ali kuutia msahafu nukta za irabu.

Andika aya hiyo kwenye daftari, chini ya kila neno andika irabu yake na sababu yake. Ukikwama kwenye *rasuuluh*, kwa nini ni raf'a wakati *Allaha* ni nasbu, niulize hapahapa. Kuna majibu mawili ya wananahau, na nitapenda uyafikie mwenyewe kwanza.